Mashine Yenye Vioo Viwili

Bado moyo unanidunda, jamani. Mgahawani kwangu Mukendo tulikuwa tunachagua mashine ya mauzo. Binti aliyeileta akasema, "Bibi, kwenye hii unamwandika mteja unavyomjua wewe."

Nikasema hiyo ndiyo yangu! Namba za meza nasahauga, watu siwasahau. Pale mbele alikaa Mzee Wambura wa Kiabakari, baba mkwe wa mwanangu Nyabise, anasubiri sato. Nikanong'ona, "Jaribu na yule. Andika: Wambura, anakulaga bila kunawa."

Akaandika. Nikacheka hadi machozi. Kumbe mashine ina kioo cha pili, kinatazama wateja!

Maneno yangu yote yanasomeka pale. Mzee Wambura alimaliza kusoma, akasimama, akakunja mikono ya shati.

"Mama Nyabise," akaniita, "sabuni iko wapi?"