Cheni ya Halfani

Hii hamtaiamini, lakini Halfani mwenyewe huyu hapa, muulizeni. Mwaka tisini na saba alimpakia mama mkwe wake, Bi Hajira, kwenye baiskeli kutoka Nkowe, wawahi basi la Lindi pale Ruangwa. Kila kilima cheni ikachomoka. Halfani akawa anairudisha mkwe akiwa juu ya keria, maana kumwambia ashuke aliona aibu.

Mara ya tano Bi Hajira akashuka mwenyewe. "Baba, gurudumu limesogea mbele, cheni imelegea. Livute nyuma, ukaze nati!"

Akalivuta, akakaza. Baiskeli ikapaa! Basi likaondoka, Halfani akalikimbiza, akalipita, akaingia Lindi kabla ya…

"Mjomba! Lindi nilifika lini mimi? Mkwe alipandia basi palepale stendi ya Ruangwa!"