Mgongo Wangu Waliujua Kabla ya Sura

Jamani, hili nimekwepa kulisimulia miaka mingi, na leo nalisimulia kwa sababu tu mke wangu hayupo hapa, maana akilisimulia yeye anasimama, anaigiza, anatembea kinyumenyume mpaka watu wanafuta machozi kwa kucheka, na mimi nabaki natazama viatu vyangu. Bora mlisikie kwangu. Niliumbuka ukweni, tena siku ya kwanza kukanyaga huko, na sina wa kumsingizia.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba ndiyo kwanza inaingia Sumbawanga kwa marobota, na rafiki yangu Kristofa akapata baiskeli ya gia, ya kwanza mimi kuiona kwa macho yangu: matairi manene yenye meno, haina keria, haina kengele, haina madigadi ya kuzuia tope (hilo la madigadi lishikeni, litarudi). Mimi nilikuwa fundi cherehani pale mjini na nilikuwa namtaka Felista, ambaye kwao ni kijiji kimoja mbele ya Kasense, unafuata njia ya mtoni. Mshenga wangu, Mzee Petro, alitangulia jana yake akaniachia maneno machache tu.

"Saa nne uwe umefika. Saa sita baba yake anapanda lori kwenda Wampembe kuchukua dagaa, harudi mpaka mwezi uishe. Na kuna kijana wa Matai naye ameshatuma watu. Leo usipokubaliwa, ndiyo basi."

Usiku ule sikulala. Asubuhi ningeweza kuchukua baiskeli yangu nyeusi, imechoka lakini inafika, ila nikajiambia mkwe wa mjini lazima aingie na kitu cha maana, nikaenda kuazima ile ya gia. Kristofa akaniambia, "Mshikaji, ukiwa unakanyaga haina neno. Ukisimama tu, cheni inadondoka." Nikasema poa. Poa gani sasa!

Njia yenyewe ni tamu, sitaki kuisema vibaya: tambarare, mto kushoto, mashamba ya maharage kulia, unapita misheni ya zamani ya matofali mekundu, halafu mbele unapita ilungu, lile tanuru refu la udongo ambalo wazee wa kale waliyeyushia chuma, limesimama peke yake kwenye majani. Mvua ilikuwa imenyesha, kuna vidimbwi kila mahali, lakini yale matairi yanapita tu, na mimi nimevaa shati jeupe nililolishona mwenyewe, najiona waziri.

Pale misheni nikakutana na mzee mmoja. Sasa kwetu Ufipa huwezi kumpita mtu mzima kwa kupunga mkono. Unashuka, unailaza baiskeli, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani moja moja, unajibu, ndiyo unaondoka. Nikafanya yote hayo vizuri kabisa, nikapanda, na cheni ikadondoka. Nilihangaika nayo mpaka mikono ikawa myeusi kwa grisi, nikatazama saa (nayo ya kuazima), naona saa tatu na nusu imepita. Hapo ndipo nikakata shauri: sishuki tena mpaka ukweni, atakayenilaumu anilaumu, kwani ananijua?

Kwenye ilungu walikuwa wamesimama wazee wawili wenye makoti, mmoja na fimbo, na waliponiona wakaingia njiani wakitabasamu. (Wakitabasamu! Kwa nini sikujiuliza?) Nikainamia usukani, nikapiga kelele, "Shikamooni wazee, nimechelewa!" nikapita katikati yao, wakaruka mmoja huku, mmoja kule.

Mbele yake mto unakata njia, maji ya kifundo cha mguu, na ng'ambo kuna bibi mmoja aliyekuwa ameshatua kikapu chake chini na kuunganisha viganja, tayari kwa salamu. Nikaingia majini kwa kasi, nikamrushia maji kwenye kanga, nikapita. Nilipogeuka nikamwona bado ameunganisha viganja vile vile, ananisubiri. Moyo uliniuma, kweli uliniuma, lakini miguu ikaendelea kukanyaga.

Nikafika saa nne kasoro kidogo. Baiskeli nikaiegesha nyuma ya ghala, mikono nikaifuta kwa majani, nikakaribishwa ndani nikakaa kwenye kiti mgongo ukutani, na hapo ndipo nilipohisi shati limenishika mgongoni, bichi na la baridi. Baba Felista, mtu mpole sana, akasema, "Tumsubiri kaka yangu, yeye ndiye msemaji wa ukoo. Yeye na jirani yetu wametoka kwenda kukupokea. Hamkuonana?"

"Kunipokea wapi, baba?"

"Pale ilungu."

Kabla sijajibu, mlango ukaingiza koti na fimbo, baba mkubwa mwenyewe, analalamika tangu nje.

"Mkwe hatukumwona. Tumesimama pale tangu asubuhi, amepita kichaa mmoja tu juu ya baiskeli, nusura atuue. Sura sikuiona, aliinama. Mgongo ndio niliuona, tope mstari mmoja kutoka makalioni mpaka kwenye kola." Halafu akaniona. "Ahaa, kumbe umefika! Ulipita wapi?"

Ningesema pale pale, yangeisha. Lakini nilimkumbuka yule kijana wa Matai, na mdomo ukajisemea wenyewe: "Nilipita barabara ya juu, ile ya malori, baba."

Basi nikakaa nimejibana ukutani, jasho linanitoka Ufipa kwenye baridi, namwomba Mungu pasitokee la kunisimamisha. Likatokea. Felista akapiga goti mlangoni akasema maji ya kunawa yako nje, na wazee wote wakanitazama mimi mgeni nitangulie. Nikasimama. Nikafikiri haraka haraka. Nikaanza kutoka kinyumenyume, nimeinamisha kichwa, hatua moja, hatua ya pili.

"Tazameni adabu hiyo!" baba mkubwa akasema, amefurahi kabisa. "Hivyo ndivyo baba zetu walivyotoka mbele ya Mwene, chifu wetu wa zamani."

Mzee Petro alinikodolea macho kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Felista ameziba mdomo kwa kiganja. Mimi narudi nyuma tu, nikavuka kizingiti, nikagonga mtu, na nyuma yangu ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, taratibu kabisa.

"Mgongo huu naujua."

Alikuwa ni yule bibi wa mtoni, kanga bado imelowa, kikapu mkononi. Bibi yake Felista. Baba mkubwa akatoka, akanishika bega, akanigeuza, akautazama mgongo wangu muda mrefu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kunipita njiani ningekusamehe," akasema. "Umenidanganya ndani ya nyumba."

Nikapiga magoti nikasema yote, cheni, saa, lori, mpaka kijana wa Matai nikamtaja. Baba mkubwa akamgeukia bibi: "Mama, unasemaje?"

"Mimi salamu yangu iko mtoni," bibi akasema. "Niliitua pale pamoja na kikapu. Aifuate."

Tukaifuata. Mimi mbele nasukuma baiskeli, mgongo wangu wote hadharani, ukoo mzima nyuma yangu, na wanawake mashambani wanainuka na majembe yao kutazama. Pale mtoni bibi akajitwika kikapu upya, akaja kutoka ng'ambo kama ndiyo kwanza tunakutana, akakitua, akaunganisha viganja. Nikachuchumaa ndani ya maji na suruali yangu ya kanisani, nikapiga makofi. "Shikamoo bibi." Akanitazama weee.

"Marahaba." Halafu akaanza: nyumbani hawajambo? Mama yako je? Mvua imekuwaje kwenu? Maharage? Moja moja, bila haraka, na huku barabarani lori linapiga honi, na Baba Felista anageuza shingo kila linapolia. Nikajibu yote. Mwishowe Baba Felista hakuvumilia, akakimbia kuelekea barabarani, nami nikatega sikio nisikie ndiyo au hapana, nikamsikia akisema bila kugeuka: "Mwezi ujao uje! Kwa miguu!"

Mwezi ule nilikonda kwa kumwaza kijana wa Matai. Nilirudi kwa miguu, nikamchuchumalia kila mtu mzima tangu misheni mpaka mtoni, nikafika saa saba mchana, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimechelewa. Nikakubaliwa.

Bibi sasa hayupo. Mimi baiskeli ya kuazima siipandi tena maishani, na njiani nashuka, hata nimechelewa msiba. Nyumbani ndiko bado nasahau. Juzi tulikwaruzana na Felista asubuhi, nikachukua koti nikatoka bila kumuaga, na nikiwa uani nikasikia nyuma yangu, taratibu kabisa:

"Mgongo huo naujua."

Nikarudi, nikaaga vizuri.