Maksai Walioijua Njia

Hesabu za miradi nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na nilijivuna nazo. Kiangazi kilichopita nililinganisha mkokoteni wa maksai wa baba na guta la mizigo, pikipiki ya magurudumu matatu: bei, mafuta, matengenezo na mapato. Guta lilishinda kwa mbali.

"Na masika umeyapigia hesabu?" baba aliniuliza.

"Yamo, baba."

Hayakuwamo. Maksai na mkokoteni nikamuuzia jirani yetu, Mama Kulwa, nikanunua guta.

Masika baba alifariki hospitalini Tabora. Jeneza lilifika stesheni ya Igalula kwa treni, nikalipakia kwenye guta mbele ya ukoo mzima. Katikati ya njia ya kwenda nyumbani magurudumu yalizama kwenye tope. Tulisukuma mpaka tukachoka, na mvua ikililowesha jeneza.

Mama Kulwa alikuja na maksai wakivuta mkokoteni.

"Pole, mwanangu. Mleteni huku."

Kwenye njia panda maksai walikata wenyewe kuelekea kwetu, wakasimama uani, pale baba alipozoea kuwafungua.

"Maksai wa nani hawa, wanaijua njia hivi?" aliuliza baba mdogo, aliyetoka Urambo.

Mama Kulwa alinitazama, akaniachia nijibu.

"Walikuwa wa baba," nikasema.