Bei ya Kadi Iliyokosa Jina

Ipo siku moja hapa Guangzhou ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyofungua duka langu la kwanza. Ni siku ya kadi ya Otieno. Mwanangu, wewe uliyenitumia picha ya kadi wiki iliyopita ukaniuliza, "Mzee Mbaraka, hii itafika bei gani?", soma hadi mwisho, maana sitakujibu kwa tarakimu. Mimi niliishia darasa la nne. Nyumba ninayolala nimeijenga kwa jicho langu, na jicho hilo lilinyooshwa siku ile.

Nilikuwa kijana wa Kariakoo, nanunua viatu soko la Zhanxi na kuchapisha kanga kidogo. Chumba nilipanga na Otieno, Mkenya wa Nairobi, jirani na stesheni ya Liuhua. Otieno alikuwa mtu wa jeans. Alikuwa ameagiza mzigo kiwandani Xintang na arbuni aliyotoa ilikuwa akiba yake yote. Kisha mshirika wake wa Nairobi akajitoa, salio likakosekana. Kiwanda kikampa hadi Ijumaa. Ijumaa ikipita hajalipa, jeans zinauzwa kwa mwingine na arbuni hairudi.

Katika kupekua vitu vyake aone cha kuuza, akatoa boksi la kadi aliloachiwa na Mmarekani mmoja, mnunuzi mwenzake wa jeans. Kama hujawahi kuziona, ni karatasi ngumu, ndogo kuliko kiganja, mbele ina picha ya mchezaji wa besiboli, nyuma habari zake. Watu wanazikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Kuna zilizochapwa vibaya kiwandani, na baadhi ya hizo zinatafutwa kuliko zilizo nzima. Baadhi, nimesema.

Otieno akazipanga kitandani zile zenye kasoro. Moja ilikatwa upande. Nyingine rangi imepauka, nyingine ina doa jekundu shavuni mwa mchezaji. Ya mwisho ilikuwa safi kabisa, ila pale chini panapokaa jina la mchezaji palikuwa peupe.

Nikacheka. "Kanga isiyo na jina Kariakoo nani ananunua? Hiyo tupa."

"Buda, wewe unajua vitambaa tu," akasema. "Cheki huku kwanza."

Akanipeleka kwenye kompyuta za kulipia mtaani, akafungua soko la mtandaoni la Wamarekani. Kadi kama ile ilikuwepo, haina jina vilevile, na bei aliyoandika muuzaji ilikuwa ya kulipia mzigo wote wa jeans na kuagiza mwingine wa pili. Mwanangu, mimi niliyesema itupwe nikawa wa kwanza kusema isiguswe. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtajia Otieno bei kama vile nimezaliwa kwenye kiwanda cha kadi.

Tulimpitia Bi Mwanahawa. Huyu alikuwa mama wa Unguja, alianza kuchapisha kanga sisi bado tunatambaa, na stoo yake ilikuwa mahali pa Waswahili wote kupumzikia. Tulimkuta anaandika anwani kwenye marobota.

"Shikamoo Bi Mwana."

"Marahaba. Mbona mnahema kama mmeiba?"

Otieno akampa kadi. Akaigeuza, akaisogeza kwenye taa. "Ipo nyingine ya huyuhuyu, yenye jina?" Ilikuwepo boksini. Akaziweka pamoja, akatoa kioo chake cha kukuza, anachokagulia kanga. Akatuonyesha kwamba jina halikuondoka peke yake. Mstari mweusi wa fremu, juu ya jina, nao ulikuwa umekatika, na ulipokatikia palikuwa pamenyooka kwa mshazari kama ukingo wa karatasi.

"Mtu akifuta jina kwa dawa, anafuta jina," akasema. "Mstari autafutie nini? Na karatasi ingechubuka. Hapa kipande cha karatasi kilinasa kwenye mashine, wino mweusi ukakipita kwa juu. Rangi nyingine zimeshika kwa sababu kila rangi ina zamu yake. Kwenye kanga nimeyaona haya mara nyingi. Kadi yenu ni ya kweli."

Mimi nikapiga makofi. "Basi tajiri huyu hapa."

"Nimesema ya kweli. Bei sijaitaja mimi."

Siku ya pili tukaenda kwa laoban mmoja, yaani mwenye duka wa Kichina, aliyeuza sarafu, stempu na kadi kwenye kioski cha kioo. Kiswahili chake hakuna, Kichina chetu cha sokoni, kwa hiyo maneno yalikuwa machache. Ile iliyokatwa upande, iliyopauka na yenye doa alizisukuma kando kwa kidole kimoja. "Mei you," akasema, yaani hakuna kitu. Kila kiwanda kinatoa takataka kama hizo, na hakuna anayezitafuta. Ile isiyo na jina aliikagua pembe zote nne, mgongo, ukingo. Akainua vidole viwili, kwamba ameshaziona mbili za namna hiyo. Hapo nikajifunza jambo lililonishangaza: kosa likiwa moja tu duniani si lazima liwe ghali. Likionekana kwenye kadi kadhaa, kisha kiwanda kikalirekebisha, wakusanyaji wanalijua, wanalitungia jina, na kila mmoja anaona mkusanyiko wake una pengo bila kadi hiyo.

Akabonyeza kikokotoo, akakigeuza kwetu. Ilikuwa robo ya bei ya mtandaoni. Ilitosha salio la jeans, na chenji kidogo.

Otieno akanitazama. Nikamvuta mkono. "Usiuze. Huyu anakuibia mchana. Subiri Mmarekani."

"Ijumaa ni kesho kutwa, bro."

"Ijumaa ziko nyingi."

Nilisema hivyo, mwanangu. Kwa arbuni ya mwenzangu.

Tukarudi kwa Bi Mwanahawa tukibishana, na nikamweleza nikitegemea aniunge mkono. Hakuacha kufunga robota lake.

"Hiyo bei ya kwenye kompyuta, nani kailipa?"

"Imeandikwa pale, Bi Mwana."

"Hata mimi naweza kuandika kanga yangu moja kwa bei ya nyumba. Nimeuliza nani kailipa."

Otieno ndiye aliyesema kwamba kulikuwa na sehemu pale mtandaoni ya kuona kadi zilizokwisha kununuliwa, na hatukuifungua. Akaenda kuangalia. Alirudi na hesabu. Zilizonunuliwa zilikuwa chache, na fedha zilizolipwa zilizidi kidogo tu ile ya laoban, kabla ya kutoa gharama za kutuma na kungoja wiki kadhaa.

Bado nilikuwa na mdomo. "Hata hivyo itapanda. Mimi ningekuwa yeye ningeishika."

Bi Mwanahawa akaweka chini gundi ya kufungia robota. "Mbaraka, una fedha za viatu mfukoni. Naziona zimevimba. Inunue wewe. Mpe Otieno hiyo bei unayoitaja, alipe jeans zake, kadi uishike mpaka ipande."

Nikaanza kusema mzigo wa viatu unanisubiri, wateja wangu Kariakoo, hiki na kile.

"Basi hiyo si bei," akasema. "Ni kelele."

Otieno akaondoka peke yake kwa laoban. Ijumaa asubuhi alikuwa Xintang akihesabu marobota. Jeans zilifika Nairobi, zikauzwa kama jeans zinavyouzwa, akaagiza nyingine. Kadi niliiona kioskini miezi mingi, laoban akibadilisha kikaratasi cha bei kila mara kwenda chini. Siku moja haikuwepo. Sikumuuliza iliuzwaje.

Sasa nasaha yangu, na sina haja ya kuipamba. Kitu chenye kosa la uchapaji, kiweke kwanza kando ya kizima cha namna yake, uone kosa limetoka mashineni au mkononi mwa mjanja. Ukishajua ni la kweli, uliza kama wapo wanaolitafuta. Tazama pembe na ukingo, na usijaribu kukisafisha wala kukikata kinyooke. Bei uitafute kwa waliolipa, achana na wanaotamani kulipwa. Na mtu akikuuliza auze au asubiri, usimtajie bei ambayo wewe mwenyewe usingeitoa mfukoni asubuhi hiyo. Picha uliyonitumia nimeiangalia: kadi yako imepauka rangi tu. Mimi siinunui, kwa hiyo na bei sina.

Mola akupe mizigo inayofika salama, akuzungushie watu wa kukuuliza swali gumu kabla hujapoteza, na akujalie uzee wa kula jasho lako bila dhuluma ya mtu. Amina.