Kijani Chini ya Gome

Mwaka ule tulikula mahindi ya manjano. Mwambie hivyo mtu wa rika langu kutoka Bungoma, hatakuuliza ni mwaka gani. Yalikuwa ya msaada, tukapimiwa kwa kopo la gorogoro, na ugali wake ulinuka gunia na dawa ya wadudu hata ukiupika kwa kuni nzuri namna gani. Ukikataa, Mama alikuambia, "Basi mpe paka," na paka mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo naandika jinsi ninavyoongea. Lakini harufu ile ninayo puani mpaka leo, na nikiisikia tu, akili haiendi kwenye ugali. Inaenda kwenye mti.

Kwetu ni upande wa Kibabii. Baba alikuwa amekufa, na kabla ya kufa alipanda mti wa lusiola kwenye pembe ambapo shamba letu linakutana na la mdogo wake, Baba Mdogo. Aliupanda jinsi inavyofanywa kwetu: watu wakaitwa, wakasimama, mti ukaingia shimoni wote wakiuona, na kuanzia hapo ukawa ndio shahidi wa mpaka. Karatasi ya shamba hatukuwa nayo. Mti ukisimama, mpaka umesimama. Ukikauka, jirani anaukata awe na kuni, halafu msimu wa kulima ng'ombe wake wanageukia mbele kidogo, na mwaka unaofuata mbele tena kidogo. Mama alikuwa mjane mwenye wasichana watupu, na Wafula mmoja aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Hata sisi watoto tulijua kwamba mti ule ukifa, tumekwisha.

Mvua ilipokataa, lusiola ulianza kukunja majani kama mtu anayekunja ngumi, kisha ukayaangusha yote. Ulikuwa bado mchanga, unanipita urefu kidogo tu. Shangazi, kwa nia nzuri kabisa, alileta samadi mbichi akairundika shinani, kama wengi wanavyofanya wakiona mmea umedhoofika. Mama aliizoa yote kwa mikono. "Wifi, huyu ni mgonjwa," alisema, "na wewe unamlisha pilipili." Hakukata hata tawi moja. Alitandaza mabua ya mahindi na majani makavu ya migomba kuzunguka mti, akiacha nafasi ili yasiguse shina. Kando kidogo, mizizi ilikofika, alifukia chungu kilichopasuka, na jioni jua likishalegea mimi nilikijaza maji yaliyosuuziwa maharagwe, yavuje polepole. Kisima kilikuwa karibu tope tupu na foleni yake ilikuwa ya matusi, kwa hivyo maji ya kunywesha mti yalikuwa maji ambayo midomo yetu iliyaonea wivu. Kwanza niliyanusa. Yakinuka sabuni, Mama hakuyataka.

Baba Mdogo alipita kila mara akicheka. "Shemeji, ati sasa unanywesha kuni?"

Kila asubuhi nilitumwa kukwaruza gome kwa ukucha. Mahali penye uhai, chini ya gome pana kijani. Mahali palipokufa pana rangi ya ugoro. Nikirudi, Mama hakuuliza mengi. "Kimefika wapi?" Nami nilimwonyesha kwenye mwili wangu mahali kijani kinapoanzia. Mwanzoni niligusa paji la uso. Baadaye shingo. Halafu kifua, halafu kiuno. Mkono wangu ulishuka, na uso wa Mama ukashuka nao. Nilifika mahali nikawa natembea kwenda pale mpakani kama mtoto anayepelekwa kuchapwa, nikikwaruza huku nimefumba jicho moja.

Siku niliyogusa goti, Baba Mdogo alikuja na panga. Mama alitoka jikoni unga wa manjano umemjaa mpaka viwiko, Wafula mgongoni. Hakupiga kelele. Aliketi vumbini kabisa, akaushika mti pale chini unapoingia ardhini, akakwaruza. Pakatoka kijani kibichi, kama ganda la haragwe. Akamtazama shemeji yake akasema, "Weka panga chini. Ndani kuna kijani. Sikubali." Majirani waliokuwa wakienda kisimani walisimama na mitungi yao, wakatazama. Mbele ya macho yale, Baba Mdogo aligeuza jambo likawa mzaha, akaenda zake. Mvua iliporudi, sehemu yote ya juu ilianguka yenyewe, na machipukizi yakatoka shinani. Ndiyo maana lusiola wetu una vigogo vitatu vinavyotoka mzizi mmoja.

Mimi niliolewa Kitale, nikalea, nina wajukuu wanaonipita kimo na wote wananiogopa vizuri. Zamani ukame ulikuja ukaondoka kama mgeni. Siku hizi kiangazi kinakaa kama mwenye nyumba, na majani ya miti yanaungua kingo kabla hata ya Februari kwisha. Mwaka huu Wafula alinipigia simu. "Dada, ule mti umekauka. Kuna watu wanataka kujenga vyumba vya wanafunzi, na hiyo pembe wanaihitaji."

Nilienda. Nikamkuta amesimama na panga la Baba, na ndevu zake nyeupe. Nilikwaruza usawa wa kifua, ugoro. Kiuno, ugoro. Goti, ugoro, na Mama hayupo tena, nikajua hakuna mwingine wa kuketi pale vumbini. Nikaketi. Magoti yangu yalilia kuliko mlango. Chini kabisa, kwenye kigogo cha katikati, ukucha ulitoa rangi, hafifu, lakini si ugoro.

"Weka panga chini. Ndani kuna kijani. Sikubali."

"Dada, si dunia imebadilika, bana," alisema Wafula. "Na je, mvua isipokuja?"

Siku ile ya Mama na Baba Mdogo yeye alikuwa mgongoni, amelala, hakusikia kitu. Kwa hivyo nikayarudia maneno ya Mama polepole, ili safari hii asikie.

"Weka panga chini. Ndani kuna kijani. Sikubali."