Gunia la Chumvi na Vyombo vya Mume Wangu

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: siku niliyofungua gunia nyuma ya nyumba yetu ya Kadutu, nikakuta vyombo vya kazi vya mume wangu vimekuwa vyekundu kwa kutu. Umenijia na mkeo kuniuliza vyombo vyako vya kutengenezea baiskeli mviweke wapi nyumbani. Wewe unataka sanduku chini ya kitanda, yeye anataka vitoke kabisa sebuleni. Mnaliona swali dogo. Mimi swali hilo nusura linivunjie ndoa, kwa hiyo kaeni wote wawili, mnywe chai, mnisikilize.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala, na ndoa yetu haijatimiza mwaka. Mume wangu Mushagalusa, babu yako ambaye wewe unamjua kwa picha tu, alikuwa fundi wa baiskeli, au kinga kama tunavyoziita hapa. Alifanyia kazi barazani. Jioni aliingiza vyombo vyake sebuleni, ndani ya kasha la mbao lisilo na kifuniko: kle, yaani spana, za kila ukubwa, pampu, bisbisi, gundi ya viraka, na kopo la gololi. Kasha likikaa, sakafu inapata doa la mafuta. Mimi nikipita, nguo inapata doa la mafuta. Nilinung'unika, naye alicheka.

Nami nilikuwa msichana wa foyer, msinione hivi. Foyer ilikuwa nyumba ambamo wake za watu walifundishwa kushona, kupiga pasi na kupamba meza, na mimi pasi niliijua kuliko wote. Nikajiona mke wa mtu mkubwa. Kumbe kichwa changu kilikuwa kimepigwa pasi pia, hakina hata mkunjo mmoja wa akili.

Wiki moja Mushagalusa akaenda Nyantende kwenye matanga ya mjomba wake. Kabla ya kuondoka alinishika mkono. Padri wa parokia yetu alikuwa anatafuta fundi wa kutunza kinga za makatekista wote, na Jumamosi angemletea mbili za kumjaribu. Akizitengeneza vizuri, kazi ni yake. Tulikuwa tunaingoja kazi ile kama wakulima wanavyongoja mvua ya kwanza. "Nsimire," aliniambia, "nitarudia Siku ya Tano. Unichungie vyombo." Siku ya Tano kwetu ni Ijumaa.

Nikamwitikia. Na siku ya pili yake Madamu, mzungu aliyetufundisha foyer, akatutangazia kwamba Jumanne atapita kuangalia nyumba zetu.

Mwanangu, aibu ikimwingia mtu hukimbia mbele ya akili. Jirani yangu aliuza chumvi sokoni, nikamwomba gunia tupu. Lilikuwa jeupe, gumu, safi. Niliona weupe, sikuona chumvi. Nikatia humo kle, pampu, gundi, gololi, vyote kwa pamoja, nikalisukuma nyuma ya nyumba na kulifunika kwa majani ya migomba. Kisha nikasugua sakafu, nikatandika kitambaa cha meza, nikaweka maua.

Madamu alikuja, akasifu maua, akasifu kitambaa. Halafu akaniuliza, kwa upole tu, "Bwana yako anafanya kazi gani?"

"Iko karani, Madamu," nikajibu. "Anatumika mu biro."

Hakuna aliyenilazimisha kumpa mume wangu kazi ya ofisini. Neno lilitoka lenyewe, tena likiwa limenyooka. Mamakwe wangu, mama yake Mushagalusa, ambaye tuliishi naye, alikuwa jikoni akichagua maharagwe, na jiko letu liligusana ukuta na sebule. Alisikia yote. Akaendelea kuchagua.

Mvua ikanyesha Jumanne usiku, ikanyesha Jumatano kutwa. Nanyi mnaijua mvua yetu, ikishuka na ukungu wa ziwa hata shuka haikauki. Mimi sikuliondoa gunia. Sebule ilikuwa imependeza mno, nikasema moyoni liendelee kukaa huko kidogo. Waliosema akiba haiozi hawakuweka akiba yao katika gunia la chumvi.

Alhamisi asubuhi mamakwe akasimama mlangoni. "Nsimire, vyombo ya mutoto yangu iko wapi?"

Nikampeleka nyuma ya nyumba. Nikalifungua lile gunia. Kle zilikuwa na kutu mpaka kwenye meno. Pampu haikuvutika. Gundi ilikuwa imemwagika na kugandisha viraka kuwa donge moja. Gololi zilikuwa na vidoadoa, na gololi yenye doa ni ya kutupwa, maana inakula chuma inamozungukia. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Nilianza kulia, na mamakwe aliningoja nimalize, hakunishika bega.

"Kwetu jembe inalala pahali gani?" akaniuliza.

"Juu ya moto, mama. Pahali pakavu."

"Pahali pakavu, na kila mutu anaiona. Mugeni akiingia anaiona, hakuna mutu anacheka, sababu hiyo jembe njo inatulisha. Sasa hii kle haikulishe? Sababu gani inalala inje?" Akashusha sauti. "Nilikuwa mu jiko siku ya Madamu. Vyombo ulivificha mu gunia. Na mutoto yangu, yeye ulimuficha wapi?"

Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa nimekataa kwangu kwa ajili ya kitambaa cha meza.

Lakini nilifuta machozi. Nilisema: huyu mwanamume hatapoteza kazi kwa ajili yangu. Nikaleta majivu, mchanga na mafuta ya taa, nikakaa barazani, hapo hapo penye macho ya watu, nikaanza kusugua. Nilisugua kle moja baada ya nyingine mpaka vidole vikatoka damu. Majirani wa foyer wakapita, wakaniona nimejaa mafuta hadi viwikoni, mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Nikamsalimia kwa sauti kubwa na kuendelea. Pampu niliifungua, nikakilainisha kipande chake cha ngozi kwa mawese, ikavuta. Gundi na gololi zilinishinda.

Ijumaa asubuhi nikatafuta mahali pa kuviweka, safari hii kwa akili. Mamakwe alitaka kichanja cha juu ya moto. Nikamwambia, "Hapana mama, moto unakausha gundi na kupasua mpira." Chini ya kitanda, saruji ilikuwa ikitoa maji kila asubuhi; nilipitisha kiganja, kikalowa. Ukuta wa mlangoni unapigwa na mvua. Nilizunguka nyumba nzima nikigusa kuta. Mkavu ulikuwa mmoja tu, ule uliogusana na jiko, maana ulipata joto la moto bila moshi wake. Nao upande wa pili ulikuwa sebuleni, juu ya meza yangu, mbele ya kila mgeni.

Nilitamani ukuta mwingine, sitaki kuwadanganya. Kisha nikaichukua mbao yangu ya kupigia pasi, nikaivua kitambaa chake, nikaigongomea ukutani. Nikapiga misumari, kila kle na msumari wake, na kwa makaa nikachora umbo la kila chombo, ili kikikosekana pengo liseme. Vitu vidogo nikavitia katika makopo ya maziwa yenye vifuniko. Mamakwe alinishikia misumari, na hapo ndipo aliponiita tena binti yake.

Mushagalusa aliporudi jioni nilimwambia kabla hajaketi. Mficha uchi hazai. Nilimwambia gunia, mvua, gololi, na lile neno la karani. Alikwenda ukutani, akagusa chombo kimoja kimoja.

"Kutu inatoka," alisema. "Lakini ile neno ulisema, nani atalitosha?" Kwetu kutosha ni kuondoa.

Jumamosi zile kinga mbili zilikuja. Aliazima gundi kwa fundi mwenzake, na gololi alizitoa katika kinga yake mwenyewe, kinga ambayo toka siku hiyo ilikaa wiki nyingi imeegemezwa ukutani huku yeye akitembea kwa miguu. Kazi aliipata. Tulifurahi, tukala, lakini nilimwona anaitazama ile mbao ukutani bila kuniangalia mimi.

Jumanne nikaenda foyer. Wanawake wote walikuwa wameketi na sindano zao. Nikasimama, nikasema, "Madamu, nilikuambia bwana yangu iko karani. Nilisema bongo, haiko kweli. Bwana yangu iko fundi wa kinga. Vyombo yake iko mu salo yangu, pale uliona maua, njo inanilisha." Wako waliocheka. Madamu alinitazama, akasema tu, "Asante, keti." Niliketi nikashona, na mshono wangu ulikuwa mbaya sana siku hiyo.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu, "Nimelitosha." Mushagalusa aliacha gurudumu alilokuwa analizungusha, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, kisha akalia. Sikupata kumwona akilia tena mpaka tulipomzika mama yake.

Haya, mwanangu, shika ninayokuambia. Usinunue sanduku kabla hujaigusa nyumba yako kwa kiganja. Tafuta ukuta mkavu, mbali na moto na mbali na sakafu. Chuma kifute kwa kitambaa cha mafuta kabla ya kukitundika. Gundi ifunge. Chombo kikae mahali ambapo mkono unakifikia bila kuuliza mtu. Nawe binti, kama mahali hapo ni sebuleni, basi ni sebuleni, na mgeni atakayechukia mafuta ya mume wako mwonyeshe njia ya kurudi kwake. Na wewe mume, lipanguse doa lako la sakafuni mwenyewe, mkeo si kitambaa. Msimwonee haya anayewalisha, na mkishamwonea haya, msichelewe kusema.

Mungu aibariki mikono yenu, ile safi na ile yenye mafuta. Awape kazi isiyokatika, na watoto watakaoitaja kazi ya baba na mama yao mbele ya watu bila kuinamisha kichwa.