Ufunguo Kibogoyo

Fundi wa funguo alikuwa na maneno yake. Kufuli gumu aliliita bi harusi, kitasa kinachokubali kila ufunguo alikiita mwanasiasa, na ufunguo uliolika meno ya katikati ukabaki na mawili ya pembeni aliuita kibogoyo. "Kibogoyo wako huyu alikula nini?" humuuliza mteja, ameuinua ufunguo kwenye mwanga kama daktari wa meno. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kwenye kona ya barabara ya soko, na ndani hamkuwa na kitu ila jiliwa la kubania chuma, mashine ya kuchongea, tupa za kila unene, na ukuta wa funguo mbichi zilizolia kila lori lilipopita. Wapo waliokuja kuchongesha, na wapo waliokuja kucheka tu. Maneno yake yalisafiri kuliko yeye. Hata watoto wa shule waliuita kibogoyo ufunguo wowote uliolika meno, na ukiwauliza wamelitoa wapi, walisema kwa Fundi.

Juu ya kiti chake palikuwa na msumari wa peke yake, na kwenye msumari huo ufunguo ambao haukuwa wa kuuzwa. Ulikuwa wa mlango wa Mama Pacha, dada yake. Fundi ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamsomesha kwa vumbi la shaba, na alipoolewa, kitasa cha nyumba yake alikifunga kaka mtu mwenyewe. Kisha Fundi akafiwa na mkewe, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Dada akamwambia asithubutu kupika peke yake kama bundi. "Na kwangu hupigi hodi, Kaka," alisema. "Hodi ni ya wageni." Basi kila jioni akishafunga kibanda alichukua ufunguo wake, akaingia kwa dada yake kama anayeingia kwake, akaikuta sahani yake imefunikwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa familia yake yote, na aliishikilia kwa meno.

Mume wa dada, yaani shemeji, alikuwa dereva wa gari la mizigo, mtu wa maneno matamu, wa kubeba mtoto wa jirani begani na kumuuliza bibi wa watu habari za goti lake. Siku moja aliingia kibandani na kipande cha sabuni ndani ya kitambaa. Kwenye sabuni palikuwa na chapa ya ufunguo. Alisema ni wa stoo ya tajiri wake, umebaki mmoja tu, na tajiri ni mchoyo hata wa kuuazima. Sasa, kila fundi wa funguo anajua habari ya sabuni. Mwenye mali huja na ufunguo; anayekuja na sabuni unamwonyesha njia. Lakini sheria hiyo ni ya wageni, na huyu hakuwa mgeni. Fundi aliitazama ile chapa, meno mawili ya pembeni na katikati patupu, akacheka, akasema kumbe hata matajiri wana vibogoyo. Akachonga.

Haikupita wiki, duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara likaibiwa bila mlango kukwaruzwa. Mlinzi, mzee mpole aliyezoea kuacha chupa yake ya chai kwa Fundi, alipigwa chuma cha uso akapoteza jicho. Asubuhi mama mwenye duka alivuka barabara kutafuta kitasa kipya, akauweka ufunguo wa kile cha zamani mezani. Meno mawili ya pembeni, katikati patupu. Fundi hakuuliza ulikula nini. Alikwenda kumwona mzee hospitali, na mzee hakulalamikia jicho, alilalamikia aibu. Alisema watu wanadhani yeye ndiye aliyewafungulia.

Siku chache baadaye shemeji alirudi na sabuni nyingine. Alitabasamu tabasamu lile lile. Fundi alisema mashine imeharibika, na shemeji akamgusa bega akasema, "Itengeneze basi. Mimi na wewe si kitu kimoja sasa?" Hapo ndipo Fundi alipoelewa kwamba hakuombwa msaada hata siku ile ya kwanza. Alichaguliwa, kama mtu anavyochagua chombo. Mikono iliyomlea mke wa mtu, mtu huyo ameitumia kuibia, kisha anakuja kuikumbusha. Ilimuuma sana, na alikosa pa kuupeleka uchungu huo.

Alifikiri kumwambia dada. Alifika mara kadhaa na neno mdomoni, akalimeza pamoja na chakula. Kumwambia ilikuwa kumvunjia nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kwenye ukuta wa soko polisi walikuwa wamechora namba kubwa ya simu, na chini yake: Toa taarifa, jina lako ni siri. Redio nayo iliiimba namba hiyo kutwa. Fundi aliona njia: nyumba itavunjika, sawa, lakini bila mkono wa mtu.

Alijifungia kibandani mchana wa jua kali, akafunika simu kwa kitambaa, akabana pua. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alimwambia asitaje jina, wao hawalihitaji, wala namba yake hawaioni. Fundi aliuliza kama kweli hakuna atakayejua. Akaambiwa hakuna. Akauliza tena. Akaambiwa, "Baba, hapa husemi jina, unasema jambo tu." Basi akasema jambo: dereva ni nani, chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga alichokodi ni kipi, na kwamba dukani waliingia kwa ufunguo. Mwanamke akauliza ni ufunguo wa namna gani. Jamani, mtu akiogopa sana kisha akatulizwa, ulimi hulegea. "Ulikuwa kibogoyo," akasema Fundi kwa pua, "lakini uliuma." Mwanamke alicheka kidogo. Na Fundi, Mungu amsamehe, alifurahi kuchekesha. Alibadilisha sauti, lakini maneno alisahau kuyabadilisha.

Maboksi ya dawa yalikutwa kwenye kile chumba, na shemeji akachukuliwa mbele ya wanawe. Jioni hiyo Fundi aliingia kwa ufunguo wake kama kawaida. Dada alikuwa amevimba macho, lakini sahani ilikuwa imefunikwa. Alimpakulia huku akimlaani aliyemchongea mumewe. Alisema lazima ni mtu wa karibu, maana kikulacho ki nguoni mwako, na siku akimjua hatamwita jina lake tena. Fundi alikula. Alikula na kesho yake, na siku zilizofuata, akiwafundisha wale pacha hesabu, akimfuta dada machozi, akimwambia Mungu yupo. Alijiambia siri iliyo kwa serikali ni siri iliyozikwa.

Kisha kukaitishwa mkutano wa usalama kwenye ukumbi wa shule. Mama Pacha hakutaka kwenda, watu wasije wakamnyooshea vidole, lakini Fundi alimbembeleza akasema atakaa naye bega kwa bega. Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kupenda kusikilizwa. Alieleza kwamba za mwizi ni arobaini, akaisifu ile namba, akaapa kuwa hata yeye hajui nani hupiga. Ukumbi ulikuwa umepoa kidogo, wengine wakianza kupiga miayo. Akaona awachangamshe.

"Kuna raia mwema mmoja," akasema, "yule wa duka la dawa. Simjui, na ningemjua nisingemtaja. Lakini alisema neno mpaka leo linanichekesha. Alisema ule ufunguo ulikuwa kibogoyo, lakini uliuma."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Pacha naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mumewe achukuliwe, kilimponyoka tu. Na kwa mazoea, kama watu wanavyomtazama mwenye ngoma anapopigiwa ngoma yake, vichwa vyote viligeuka kumtazama Fundi. Nyuma yake muuza ndizi akampiga bega, akasema kwa furaha, "Fundi, hata polisi wameshaiba neno lako!"

Kicheko kilizimika kuanzia karibu kwenda mbali. Waliokaa jirani walielewa kwanza, kisha wale wa katikati, kisha wa mlangoni. Muuza ndizi aliuondoa mkono wake polepole. Mkuu wa kituo peke yake aliendelea kutabasamu, akidhani wanangoja kichekesho kingine. Mama Pacha alimtazama kaka yake usoni, akatazama mikono yake, akainuka akapita katikati ya viti akatoka nje.

Ulimi uliponza kichwa, wahenga walishasema, lakini Fundi hakuwa tayari kuulaumu ulimi wake. Kesho yake alikwenda kituoni, maana ni rahisi kwenda mahali pa kugomba kuliko mahali pa kuomba radhi. Alimwambia mkuu wa kituo kwamba wamemuuza. Waliahidi siri, wakaitoa mbele ya mtaa mzima ili watu wacheke. Mkuu akashangaa kwa dhati. Akasema wao hawakutaja jina la mtu, walisema neno tu, na neno halina mwenyewe. Kisha akainama mbele, kana kwamba jambo limemjia sasa hivi.

"Kwani ni wewe?" akauliza. "Mimi sikujua. Na huo ufunguo, mzee, aliuchonga nani?"

Fundi akakumbuka ana kazi ya haraka kibandani. Hakukuwa na kazi. Watu walipita mbele ya kibanda kama wanaopita mbele ya nyumba ya mgonjwa, na funguo zao wakazipeleka kwa fundi wa upande wa pili wa soko. Wahuni wa kona walikwisha kutunga mzaha wao, kwamba yule mzee anachonga asubuhi na kuchongea jioni. Mlinzi wa jicho moja hakuja na chupa yake. Huyo ndiye ambaye Fundi alitegemea atakuja. Kumbe mzee alikuwa amejiuliza swali lile lile la mkuu wa kituo.

Jioni alichukua ufunguo kwenye msumari, akaenda. Mlangoni ufunguo uliingia nusu ukagoma. Hakuhitaji kuujaribu tena. Kitasa kilikuwa kipya, kimefungwa kwa papara, skrubu moja imekwenda upande. Kazi ya yule fundi wa upande wa pili wa soko. Mfukoni alikuwa na vyombo, na mlango ule angeufungua kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Badala yake, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, alipiga hodi.

"Nani?" Dada alikuwa karibu, nyuma ya mlango tu.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Sauti ya Fundi ilikuwa ile ile aliyombembelezea dada alipokuwa mtoto wa kuogopa radi. Fundi alijibu kuwa ni kaka yake.

"Nilikwenda kumwona mume wangu leo," dada akasema. "Walimbana awatajie aliyechonga. Akasema alichonga mwenyewe, kwa tupa. Yule mwizi. Waliuliza jina lako akakataa kulitoa. Wewe la kwake hawakukuuliza, uliwapigia simu."

Fundi akasema mzee wa watu amepoteza jicho. Dada akasema anajua, na mumewe anastahili kufungwa, na Fundi angekuja kumwambia yeye kwanza, angemtoa mumewe nje kwa mikono yake. "Lakini ulikaa mezani kwangu," akasema. "Nikakulilia wewe, nikakupakulia. Na yule askari asingetaka kuchekesha watu, ungekuwa unakula mpaka leo."

Ilikuwa kweli, na Fundi alijua. Alisema tu kwamba walimwahidi hakuna atakayejua. Akaomba afunguliwe kidogo, ana jambo la kumwambia ana kwa ana.

"Kama una jambo, si kuna ile namba?" akasema Mama Pacha. "Piga. Jina hutaulizwa."

Nyayo zikaondoka mlangoni. Fundi alibaki pale, ufunguo wake mzima mkononi, akasikia sahani zinateremshwa kabatini na dada akiwaambia pacha waoshe mikono, chakula kinapoa.